Noti ya Honi

Ufunguo wa kabati la kwaya uko kwangu.
Si kwa sifa. Nilichelewa kikao,
wakanichagua sipo.
Ndani yake panya wamekula sauti ya teno
kuanzia nyimbo za mwaka wa ishirini na sita.
Besi hawakuigusa. Labda ni nzito tumboni.

Mwalimu wa kwanza alikuwa Balendin,
mpiga kinanda aliyefukuzwa parokiani
kwa kuivuta amina
hadi padri akasinzia altareni.
Akateremka kwenye karakana ya chuma, hapa Labegain,
bonde la Wabaski ambako mvua haibishi hodi,
akasimama langoni zamu ikitoka.
Honi ikalia.
"Noti hiyo," akasema, "ishikeni."
Wakaishika wanaume kumi na wanane,
masizi hadi kwenye kope,
na tangu siku hiyo hatukununua kinanda.

Vita vilipofika akavuka milima kwenda Ufaransa
na kofia yake na duara moja la jibini.
Daftari linasema: Mwalimu hayupo. Mazoezi yameahirishwa.
Neno hilo, yameahirishwa,
lilichukua miaka tisa.

Kisha tukaletewa Hilarion.
Tukaletewa, nasema, kama kodi inavyoletwa.
Shemeji yake alikuwa karani wa polisi,
na lugha yetu ilikuwa marufuku
sokoni, shuleni, hata juu ya mawe ya makaburi.
Akawafundisha
(mimi nilikuwa chini ya meza, nikihesabu viatu)
kuimba midomo imefumbwa.
Wanaume arobaini wakivuma kama mzinga,
kila mmoja anajua
ni neno gani analimeza.
Baba alimwita Kufuli.
Hakumsalimu maisha yake yote,
na siku ya mazishi alikwenda kununua misumari.

Maixabel alikuja na unga wa mikate viwikoni,
akafungulia wanawake mlango.
Besi sita wakatoka kwa hasira.
Wakarudi baada ya majuma mawili:
wake zao walikuwa kwenye alto
na nyumbani hakuna aliyepika.
"Mnaimba kama mnaoomba radhi!" alitufokea.
"Mmemkosea nani?"
Hatukumjibu. Orodha ilikuwa ndefu.

Mwaka wa themanini na nne karakana ikafungwa.
Honi ikang'olewa, ikauzwa kwa kilo.
Jumanne ile tulisimama
na hakuna aliyejua pa kuanzia.
Anixeto akatoa noti yake, Joxepa akatoa ya kwake,
tukagombana hadi usiku
kama warithi juu ya shamba.
Maixabel akaketi kwenye ngazi, akafuta miwani,
akaifuta tena.
"Basi kila mtu aanze na ile anayoikumbuka."
Tulitisha.
Mbwa wa bonde zima waliitikia.

Siku hizi tuna Oihan, ana miaka ishirini na saba
na simu inayopima sauti.
"Mnashuka," anasema. "Kila mwaka unywele mmoja."
Tunamjibu: na bonde nalo linashuka, kijana,
kamuulize mto.

Juzi nilisogeza rafu nifukuze panya.
Nyuma yake kulikuwa na makaratasi ya Hilarion,
zile nyimbo za midomo kufumbwa.
Chini ya kila noti, kwa penseli,
herufi ndogo kama mayai ya chungu,
maneno ya lugha yetu. Yote. Hakuruka hata moja.

Na katika bahasha iyo hiyo, kwa mwandiko uo huo,
nakala za taarifa za kila mwezi kwa polisi:
nani alikuja, nani alicheka, nani alisema nini mlangoni.
Jina la baba limo mara mbili.

Nilikaa sakafuni mpaka miguu ikafa ganzi.
Nikazifunga nyimbo na taarifa kwa uzi mmoja,
nikazirudisha, nikageuza ufunguo.

Ukumbini walikuwa wameshaanza,
chini ya noti kwa unywele wao.
Oihan akanitazama: mbona umechelewa?

Panya, nikasema.